Bunduki Kwangu, Risasi kwa Shemeji

Chapwa, 9 Januari 1955

Matanga yameanuliwa jana. Waombolezaji wameondoka na jembe langu moja na sufuria yangu kubwa, wakiniachia baraka za Mungu. Aliyebaki ni Fanueli, mdogo wa marehemu mume wangu. Hakubaki kwa huruma, gari lake limekataa kuwaka. Tangu asubuhi amelala chini yake, miguu imetokeza nje, analibembeleza kama mke aliyenuna. Kefa alikuwa na ndugu mmoja tu wa tumbo moja. Kifua kimemchukua Kefa, kikamwacha huyu.

12 Januari

Mvua. Gari limewaka. Chapwa nzima imejulishwa kwa honi.

16 Januari, Jumapili

Fanueli alikuja kanisani amevaa glovu za dereva. Alikaa nazo mpaka wakati wa sala, akazivua kidole kimoja kimoja ili watu wazione vizuri. Limbukeni.

Anasema kule Kitwe alikuwa akimwendesha mkubwa wa mgodi. Kefa, aliyekuwa naye huko huko, aliniambia mdogo wake alikuwa akifagia gereji. Wiki iliyopita, kwa maneno yake, alikuwa akimwendesha mkubwa wa mgodi. Leo, nje ya kanisa, amemwendesha gavana. Tukifika Pasaka atakuwa amemwendesha Malkia. Na hao wanawake wenzangu walivyokuwa wakimsikiliza, vinywa wazi! Mimi nimefundisha darasani miaka sita kabla ya kuolewa. Namjua mtoto mwongo kabla hajafungua mdomo.

19 Januari

Wazee wa ukoo wamekuja kusema ingefaa Fanueli anirithi. Nilikuwa nimekwisha andaa maneno ya kuwajibu. Fanueli akanitangulia, kwa heshima ya Kibemba: "Mukwai, wazee wangu, mke mmoja ananitosha, na huyo mmoja ananishinda." Wakacheka, wakaondoka. Nilipaswa kufurahi. Mbona nilijisikia kama mahindi mabovu yaliyorudishwa kutoka sokoni?

22 Januari

Koplo Ezron amekuja kutoka kituo cha polisi cha mpakani. Alikataa kiti, nikajua ni mambo ya serikali.

"Mama, bunduki ya marehemu iko wapi?"

Nikamwonyesha. Ni bunduki ya marisau, ile Kefa aliyonunua alipotoka mgodini ili kulinda mashamba. Alipokuwa mzima, watu wa huku wote walikuja kumwita kila nguruwe pori walipoingia kwenye mahindi yao. Alipoanza kukohoa, hawakumwita tena wala kumtembelea.

"Leseni ilikuwa ya jina lake," akasema koplo. "Yeye amekufa, nayo imekufa. Nikiikuta tena nyumbani kwako itabidi nikukamate wewe."

"Ichukue basi."

"Hapa sina chumba cha silaha. Inatakiwa Mbeya, wilayani. Tafuta gari, nitakuandikia kibali cha njia."

Gari. Upande huu wa mpaka mtu mweusi mwenye gari ni mmoja tu.

2 Februari

Fanueli amekubali, ila anasema springi imevunjika. Nimemwambia mtu aliyemwendesha gavana hashindwi na springi. Akasema, "Kweli kabisa, shemeji." Hata kejeli haimwingii.

8 Februari

Mvua. Springi.

13 Februari, Jumapili

Mvua. Mdogo wangu Jairo ameniandikia kutoka Vwawa, anakofundisha shule. Mwandiko wake bado ni ule niliomfundisha mimi, mezani kwa baba, nikimshika mkono. Ananipa pole tena, na anauliza kama bado nasumbuliwa na "yule mbwabwajaji wako." Nilicheka peke yangu jikoni. Jairo ana bunduki ya leseni yake mwenyewe, ila analalamika kwamba risasi alizoruhusiwa kununua ziliisha Krismasi, na bomani hawampi nyingine mpaka katikati ya mwaka. Anajiona mnyonge. Huyo ndiye mtu ambaye serikali ingempa hata mzinga.

23 Februari

Springi imepona. Tulikwenda kwa Koplo Ezron kufungiwa mzigo. Aliifungua bunduki, mtutu mbali, kitako mbali, akatazama ndani kama ni tupu, akavifunga vyote kwenye blanketi. Risasi akazihesabu mara mbili mbele yetu, ishirini na nne, akazitia kwenye kasha la bati na kulipiga kufuli.

"Bunduki atashika mama, mapajani," akasema. "Risasi atashika dereva, kasha chini ya kiti chake, na ufunguo shingoni mwake. Msiviweke pamoja. Msiliache gari peke yake. Msimchukue abiria. Na mvua ikiwalaza njiani, mzigo ulale kituo cha polisi, si nyumbani kwa mtu. Umesikia, Fanueli?"

"Ndiyo, afande."

"Sema nilivyosema."

Akasema yote, neno kwa neno, jasho likimtoka. Halafu akauvaa ufunguo kwa kamba na kuuingiza ndani ya shati, na njia nzima ya kurudi alikuwa akijigusa kifuani kuona kama upo. Nilimtazama nikawaza: hivi ndivyo anavyofanana mtu ambaye maisha yake yote hajapewa kitu cha maana ashike.

Vwawa, 24 Februari

Tumekwama mara tatu. Mara ya pili nilishuka kwenye matope na bunduki mikononi kama mtoto mchanga, wanakijiji wakasukuma gari huku Fanueli akiwatukana kwa Kibemba ili waone ametembea. Tulipofika Vwawa tukakutana na malori yanayorudi: maji ya mto Songwe yamepanda barabarani, mpaka kesho hakuna anayepita.

Fanueli akaelekeza gari kituo cha polisi.

"Unakwenda wapi?" nikamwuliza. "Nyumba ya Jairo iko hapo juu."

"Koplo alisema kituoni, shemeji."

"Koplo hakujua kwamba hapa nina mdogo wangu, mwalimu, mwenye leseni na kabati la chuma la kuwekea bunduki. Unataka nikalale benchi kwa askari?"

"Alisema si nyumbani kwa mtu."

"Tangu lini wewe ukajua sheria?"

Akageuza gari. Yeye mwenyewe amekataa kulala ndani. Yumo garini pale uani, amejikunja na glovu zake, kasha chini ya miguu. Aida, mke wa Jairo, amempelekea chakula huko huko. Jairo amechungulia dirishani, akasema, "Mlinzi wa hazina ya Sulemani," tukacheka wote watatu mpaka machozi. Muda mrefu sijacheka hivyo. Bunduki imo kabatini kwa Jairo. Hapa kuna vitabu, taa safi na watu wanaozungumza vizuri.

Mbeya, 26 Februari

Niandike yote kwa utaratibu, maana kichwa kinaniuma.

Jana asubuhi maji yalishuka. Nilikuwa nikinywa chai na Aida wakati Jairo na Fanueli wakiwa uani. Tukaondoka, tukavuka Songwe maji yakigonga milango, tukafika hapa alasiri. Tukapeleka mzigo polisi. Inspekta ni Mzungu kijana mwenye masikio mekundu, anazungumza Kiswahili kana kwamba kila neno analiokota sakafuni. Akaiunga bunduki, akaikagua, akasema nzuri. Fanueli akavua ufunguo, akafungua kasha mwenyewe kwa madaha yake yote.

Inspekta akahesabu. Akahesabu tena. Akakitazama kibali.

"Kumi na nane," akasema. "Nyingine sita wapi?"

Sijawahi kuuona uso wa mtu ukibadilika vile. Fanueli aliinama akapapasa ndani ya kasha tupu kwa mikono miwili, akaligeuza, akalitikisa. Halafu akasema, "Mwalimu. Asubuhi mwalimu aliniomba ufunguo. Alisema gari limelala nje, risasi zisije zikawa zimelowa, acha aziangalie. Nikampa. Aliingia na kasha ndani, akanirudishia limefungwa."

"Mwalimu nani?"

"Mdogo wake shemeji huyu."

Inspekta akanigeukia. "Mama, wewe uliona?"

Hapo ndipo nilipojibu, na nilijibu haraka. "Sikuona, kwa sababu hakikutokea. Mdogo wangu ni mwalimu wa misheni. Huyu ni mwongo tangu kuzaliwa, Bwana Inspekta, muulize mtu yeyote Tunduma. Ametoka Kitwe, ana rafiki zake ng'ambo ya mpaka wanaowinda tembo. Risasi zilikuwa chini ya kiti chake na ufunguo shingoni mwake. Na jana alilala nazo peke yake garini."

Fanueli alinitazama tu, mdomo wazi, kama vile nimesema kwa lugha ambayo haijui. Askari wakamshika mikono. Alichosema wakati wa kupelekwa ndani kilikuwa: "Shemeji, gari nimeliacha na gia. Waambie wasilisukume."

Nimelala nyumba ya wageni ya misheni. Nimesema kweli niijuavyo.

Vwawa, 28 Februari

Nimerudi kwa lori la Mhindi la chumvi hadi hapa, nipumzike kwa Jairo kabla ya kuendelea. Nimemweleza kila kitu. Alisikiliza akitikisa kichwa, akasema, "Pole, dada. Umetoa mzigo mgongoni."

Aida ameandaa wali na nyama ya kanga, wale ndege wa porini. Nzuri sana, amewaunga kwa karanga. Nikala. Tonge la tatu au la nne nikatafuna kitu kigumu, jino likalia. Nikakitema kiganjani. Punje ya risasi, nyeusi, duara.

"Samahani, wifi," akasema Aida. "Nimezitafuta zote, hiyo imenipita."

"Hawa ndege wamepatikana lini?"

"Juzi. Jairo amewapiga wanne."

Nikamtazama Jairo. Alikuwa akijipakulia mchuzi.

"Risasi zako si ziliisha Krismasi?"

Hakuona hata aibu. Hilo ndilo siwezi kulisahau. Alifuta vidole akasema kwa sauti ya kawaida, ile ya darasani: "Dada, zile zingeozea bomani. Nilidhani hawatahesabu. Sita tu."

"Wamehesabu. Fanueli yuko ndani."

"Atatoka. Watu wa namna ile wamezoea. Leo ndani, kesho nje, wakitoka wanapata hadithi mpya ya kusimulia." Akacheka kidogo. "Halafu mwizi ni mwizi. Kama hakuiba hizi, ameiba nyingine. Si wewe mwenyewe unayeniambia miaka yote kwamba ni takataka?"

Nilikuwa bado nimeishika ile punje. Nilitaka kumpiga kofi, lakini nilipotafuta maneno ya kwanza ya kumwambia, sikupata yasiyo yangu. Limbukeni, mbwabwajaji, takataka. Hakuyajifunza shuleni. Nilimfundisha mimi, kama nilivyomfundisha kuandika.

Chapwa, 2 Machi

Nyumbani. Mvua.

3 Machi

Mvua. Wakimkamata Jairo atafukuzwa shule. Ana watoto watatu. Mama alipofariki alimweka mikononi mwangu akiwa bado hajaota meno ya mbele. Fanueli ni nani kwangu?

4 Machi

Nguruwe pori wameingia kwenye mahindi upande wa bondeni. Nimegonga debe, wakanitazama wakaendelea kula. Hakuna wa kumwita.

5 Machi

Roda, mke wa Fanueli, amekuja. Siku zote nimemwona mwanamke wa kusema ndiyo na hapana. Alikaa karibu na mlango, maji yakimchuruzika.

"Dada," akasema, "alikuwa na koti?"

"Nani?"

"Baba Abrahamu. Mbeya kuna baridi. Alikuwa na koti?"

Nikasema sikumbuki. Kwa kweli nilikumbuka: koti alilitandika chini ya kasha garini, ili kasha lisigongwe na chuma.

"Watu wanasema ameiba risasi," akaendelea. "Mume wangu ni mwongo, dada, nani asiyejua? Aliniposa akisema ana ng'ombe arobaini. Lakini ukimpa kitu cha mtu akushikie, hukishika mpaka mikono inatetemeka. Usiku ule kabla ya safari hakulala. Alikuwa akirudia maneno ya koplo, asije akakosea moja."

Alipoondoka niliona ameacha vibuyu viwili vya maziwa ya mgando mlangoni. Ananiletea maziwa mimi!

6 Machi, Jumapili

Sikwenda kanisani. Nimeandika barua kwa Jairo, mistari miwili: Nakwenda Mbeya kusema. Ukitaka kusema kabla yangu, una siku moja.

Mbeya, 8 Machi

Jairo hakuja. Nimesema.

Inspekta aliniacha nisimame. "Mama, siku ile ulisema nini?"

"Nilisema uongo."

"Ulijua ni uongo?"

"Sikujua. Sikutaka kujua. Ni mimi pia niliyezuia mzigo usilale kituoni Vwawa. Dereva alitaka, nikamkatalia."

"Kwa nini?"

Ningemjibu nini Mzungu yule? Kwamba benchi la polisi halikuwa hadhi yangu? Nilimjibu hivyo hivyo. Masikio yakazidi kuwa mekundu. Alinikaripia kwa muda mrefu, kwa Kiswahili kile chake, na kwa mara ya kwanza nilimwelewa kila neno. Kisha akatuma askari wawili Vwawa.

10 Machi

Jairo amekiri. Walikuta risasi mbili zimebaki nyuma ya vitabu vyake. Amenyang'anywa bunduki na leseni, na kesi yake itasikilizwa mwezi ujao. Misheni imemsimamisha. Aida amenipita barabarani nje ya kituo na kutema mate kando. Simlaumu.

Fanueli ametoka mchana. Amekonda, ndevu zimemwota ovyo, anakohoa. Nilikuwa nimejitayarisha kwa lolote. Alinipita, akaenda moja kwa moja kwenye gari, akalizunguka mara mbili, akapiga ukelele: tairi la akiba limeibwa, hapo hapo uani kwa polisi! Alimlalamikia askari wa zamu, askari aliyemfuata, na mfagizi. Mimi nilisimama pembeni na blanketi tupu la bunduki mkononi.

Hatimaye akasema, bila kunitazama, "Ingia, shemeji. Mvua inakuja."

"Fanueli, nimekuja kukuomba..."

"Ingia kwanza. Bila tairi la akiba sitaki giza linikute Songwe."

Njia yote hakusema neno. Mtu asiyenyamaza hata akilala! Pale Vwawa tulipopita chini ya nyumba ya Jairo, alipunguza mwendo, akaniuliza kama nataka kushuka. Nikasema hapana. Akaongeza mwendo. Kifuani mkono wake ulikuwa bado unapapasa, ingawa hakukuwa na ufunguo.

20 Machi

Mvua. Nguruwe tena.

25 Machi

Fanueli na Roda wamekuja kujenga uzio wa miti bondeni. Sikuwaita. Fanueli amepigilia vibaya, nguzo tatu zimelala. Nimezisimamisha mwenyewe walipoondoka.

10 Aprili, Pasaka

Kanisa limejaa. Glovu zimerudi.

29 Aprili

Jairo ametozwa faini, na misheni imempeleka shule ndogo huko Itumba milimani. Hajaniandikia. Mimi nimemwandikia mara mbili.

14 Mei

Mvua zimekwisha, barabara imekauka. Leo Fanueli alinichukua na magunia yangu machache ya mahindi, yale nguruwe waliyoniachia, kwenda soko la Tunduma. Alipozima gari tu, watu wakamzunguka. Inaonekana hadithi ya Mbeya huisimulia kila siku ya soko, na wengine hutoka ng'ambo kuja kuisikia.

Nilikaa kitini nikaisikiliza. Mungu wangu. Mahabusu ilikuwa shimo chini ya ardhi. Kunguni walikuwa kama maharage. Inspekta alikuwa jitu la kugusa mwamba wa paa la nyumba, na Fanueli alimjibu kwa Kiingereza mpaka likatafuta kiti. Halafu ikafika sehemu yangu. "Ndipo shemeji yangu huyu," akasema, akininyooshea glovu, "mwalimu kweli, si wale wa kujiita! Siku ile ile zilipokosekana risasi, akasimama mbele ya Mzungu akasema, 'Huyu shemeji yangu ni mtu safi, nifunge mimi kwanza!' Akakataa kuondoka. Akalala mlangoni pa kituo wiki mbili, mvua inamnyeshea!"

Wanawake wakanigeukia. Mmoja akanishika mkono akasema, "Dada, una moyo."

Nikatazama chini. Mara ngapi amekwisha kuisimulia hivi? Tunduma nzima inanijua kwa jambo ambalo sikulifanya, na aliyenivisha ni yeye niliyemvua nguo mbele ya askari. Angeweza kusema kweli. Hadithi ingekuwa nzuri zaidi hata, yenye mbaya wake.

Nikafungua mlango, nikashuka.

"Sivyo ilivyokuwa," nikasema, na sauti yangu ikatoka ile ya darasani, kila mtu akageuka. "Mimi ndiye niliyemsingizia. Nilimwambia Mzungu huyu ni mwizi, na nilijua aliyesema kweli ni yeye siku nyingi kabla sijarudi kumtoa. Hakuna aliyelala mlangoni."

Yule mwanamke akaachia mkono wangu.

Fanueli alivua glovu moja, akajipiga nayo pajani. Nilidhani ni hasira.

"Shemeji," akasema kwa uchungu wa kweli, "nilikuwa bado sijafika sehemu ya chui."